Tarakimu ya Sita

Ojera alikuwa amekalia kiti cha Alal. Kiti chenyewe kilikuwa mali ya serikali, cha ngozi bandia iliyopasuka ubavuni, na Alal hakuwahi kukikalia hata siku moja. Lakini kwa haki ya Mungu kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyemfundisha Ojera kuandika maelezo ya shahidi bila kumtia maneno mdomoni. Halafu vyeo vikatoka, jina la Ojera likawemo na la Alal likakosekana, naye akavua sare, akaenda kupanga chumba Mbuya na kuanza upelelezi wa kujitegemea. Kila alipoingia kituoni na kumkuta kijana yule akijizungusha kwenye kiti, wivu ulimpanda mpaka kooni, na wala hakuona haya kuukiri.

"Afande," alisema Ojera. Bado alimwita hivyo kwa mazoea. "Umekuja kwa Mkenya wako."

Alijibiwa kwamba ndiyo, na kwamba Mkenya ana jina. Ojera akamsukumia faili kwa kidole kimoja, akamweleza kwa raha zake kwamba kazi imekwisha na kwamba Cleopas Odero atapelekwa mahakamani baada ya chakula cha mchana. Akishasomewa mashtaka, hata akishinda kesi, nani tena hapa Kampala atamwachia kompyuta zake? Kibali chake cha kazi kingeyeyuka, naye angerudishwa kwao na alama ya wizi usoni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Cleopas alikuwa fundi wa kompyuta. Mzee Opoka, mwenye duka kubwa la uchapaji pale Wandegeya, alimwajiri mwaka jana kwa mkataba, na sasa akamtaka azihamishe kompyuta zote za ofisi kutoka Windows ya kumi, ambayo wenyewe walioitengeneza walikuwa wameacha kuitunza, kwenda ya kumi na moja. Kazi ikafanyika mwisho wa juma. Jumatatu asubuhi kila kompyuta iliyohamishwa ilipowashwa ikaleta ukurasa wa buluu, ukiomba ufunguo mrefu wa tarakimu ambao hakuna mtu aliyekuwa nao. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na tasnifu za wanafunzi zilizokuwa zikingojewa chuoni Ijumaa. Mzee Opoka akajumlisha moja na moja: mkataba wa Cleopas unaisha mwezi huu, ameomba kuongezewa akakataliwa, basi amefunga mlango na kuuficha ufunguo ili abembelezwe. Polisi wakaitwa kabla ya chai.

Cleopas aliletwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kaunta, mwembamba, shati limemganda mgongoni. Alal akamwambia aeleze kama anavyomweleza mama yake.

Kijana alieleza vizuri. Mfumo mpya ni mkali kuliko wa zamani, alisema. Ukishaingia unafunga kila kilichomo, na ufunguo hauwekwi ndani ya kompyuta, unawekwa kwenye akaunti huko mtandaoni. Jumamosi alipobadilisha mipangilio ya ulinzi ya kila kompyuta, alijua kwamba zikiwashwa tena zitauliza ufunguo mara moja, zihakikishe ziko kwa mwenyewe na haziko mikononi mwa mwizi. Hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Jumatatu angefungua akaunti, asome funguo, amalize. Ila akaunti haifunguki mpaka itume namba ya siri kwenye simu ya ofisi. Namba haikuja. Akaomba tena, na tena, mpaka akaunti ikamshuku na kumfungia hadi kesho yake, naye kabla ya hiyo kesho akawa yuko selo.

"Hiyo simu ya ofisi inalala wapi?" aliuliza Alal.

Hailali ofisini, alijibu. Wateja wanatuma kazi hata siku za mapumziko, kwa hiyo inalala kwa aliye zamu. Jumamosi na Jumapili ilikuwa kwake, Kyambogo. Jumatatu asubuhi alimkabidhi Juliet, msimamizi wa ofisi.

"Kwa hiyo ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi mwangu, madam. Na haina shida yoyote. Mtandao umejaa, WhatsApp zinaingia. Ni ile namba tu haiji." Akakuna kifundo cha mkono pale pingu ilipomchubua. "Nipate ile namba tu, nitafungua kila kitu hata nikiwa nimefungwa."

Nje, kwenye benchi la wageni, alikuwa amekaa mkewe, Loice, kikapu cha chakula mapajani. Huyu ndiye aliyepanda Mbuya jana na kumwajiri Alal, akilia kwa kujizuia. Leo hakulia. Aliuliza kama mumewe amekula kile cha asubuhi. Alal akasema kidogo.

"Kidogo," Loice alirudia. "Siku zote za hii kazi alikuwa ananirudishia bakuli limejaa. Kumbe hata huku ndani." Akakikunja upya kile kitambaa cha kufunikia chakula, ingawa kilikuwa kimekunjika vizuri. "Madam, ukifika pale muulize yule Juliet. Muulize vizuri sana."

Jina la Juliet alilitoa mdomoni kama mtu anayetema changarawe ya wali. Alal alilisikia lile, akaliweka akiba.

Pale Wandegeya wanafunzi walikuwa wamejaa mbele ya duka la Opoka hadi kwa muuza chapati za mayai, kila mmoja na kisa chake na msimamizi wake wa tasnifu. Alal alipenya kwa viwiko. Ndani, kompyuta zilikuwa zimepangwa ukutani, buluu tupu, na mzee Opoka alikuwa akitembea kutoka moja hadi nyingine kana kwamba iko itakayomwonea huruma. Alimsalimia Alal kwa heshima, maana walikuwa wa upande mmoja wa kaskazini, akamwambia aulize chochote kwa yeyote.

Aliyeanza kuulizwa ni Erinayo, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na uso wa furaha.

Erinayo alikuwa fundi wa zamani wa duka hili. Miaka yote aliziweka hai zile mashine kwa kipulizia vumbi na mswaki wa meno, na kila iliyozimia aliiamsha. Halafu akaletwa Mkenya mwenye vyeti. Huyo Mkenya akapita na kidole: hii itabeba mfumo mpya, hii haitabeba, hii itolewe nje. Ya Erinayo ikatolewa nje. Juliet akanunuliwa mpya inayong'aa, Erinayo akaambiwa asubiri. Haya yote aliyasema bila kuulizwa mara mbili, na alivyotaja kompyuta mpya ya Juliet macho yalimtoka.

"Mimi nilisema," alimaliza. "Nilisema huyu mtu atatumaliza. Kyokka, lakini nani ananisikia?"

Alal anawajua watu wa namna hii. Mwenye wivu anaweza kumwaga maziwa ya nyumba nzima kwa sababu hakupewa kikombe. Akauliza nani aliingia hapa Jumapili. Mlinzi wa mlangoni akaangalia pembeni, na Erinayo akaanza kupanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Chini ya meza yake kulikuwa na gunia.

Alal akamwambia alitoe. Lilikuwa zito. Ndani yake, limefungwa kwa shuka la mtoto, mlikuwa na lile dude lake la zamani, lile lililotolewa nje.

"Nyabo, madam wangu, walikuwa wanaitupa," Erinayo alisema, na furaha yote ikamtoka usoni. "Hii mashine nimelea mimi. Jumapili baada ya kanisa nikakuja kuchukua. Ni hiyo tu."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi ni ya wenyewe. Mimi siwezi hata kuigusa."

Alisema hivyo kwa kinyongo cha kweli, na Alal akamwamini kuliko angeapa kwa Biblia. Hata hivyo akamjaribu. Akamuuliza ufunguo wa kompyuta hizi unakaa wapi. Erinayo akafikiri, akasema bila shaka Cleopas ameuweka kwenye flashi na kuificha. Hakuwa na habari ya akaunti wala ya namba ya siri. Mtu hawezi kuficha kitu asichojua kama kipo. Njia hiyo ikafia hapo, na Alal akamrudishia gunia lake alifunge, mzee Opoka akijifanya hajaona.

Juliet alikuwa mezani kwake upande wa ndani, mrefu, mtulivu, mtoto wa mwanajeshi aliyezaliwa na kukulia kwenye nyumba za jeshi, kwa hiyo Kiswahili chake na cha Alal kilikutana bila kuulizana njia. Nyuma yake dirishani kulikuwa na mabakuli mawili yenye vifuniko, yameoshwa na kugeuzwa yakauke. Alal aliyahesabu yote mawili, kisha akamtazama Juliet, ambaye alikuwa mtu mmoja.

Simu ya ofisi ilikuwa mbele yake, ikilia mlio wa WhatsApp kila mara. Wanafunzi walikuwa wakituma matusi ya adabu.

"Mara ya mwisho kuipigia hii simu kwa njia ya kawaida, si ya WhatsApp, ilikuwa lini?"

Juliet alitaka kujibu, akasita. Hakumbuki. Hapa kila mtu ni WhatsApp, alisema. Wateja wanatuma kazi humo humo, wanapigia humo humo, na Cleopas akitaka jambo anaandika humo humo. Ila kweli, tangu Jumatatu kuna wateja waliolalamika kwamba wanapiga hapokei mtu. Alidhani ni mtandao.

"Ipige sasa."

Juliet akaipiga kwa simu yake mwenyewe, akaweka sikioni. Simu ya ofisi ilikuwa mezani kati yao, kioo kinawaka, alama za mtandao zimejaa. Haikutikisika.

"Inaita," Juliet alisema, na sauti ikamshuka.

Alal aliichukua simu ya Juliet, akasikiliza. Kweli ilikuwa inaita, taratibu, bila haraka, mahali fulani.

"Basi laini ya ofisi iko hai," alisema. "Lakini haiko humu. Humu kuna laini nyingine, na WhatsApp haijali laini ipi ukishaifungua. Ndiyo maana hamkuona."

Mzee Opoka akaacha kutembea. Hata Erinayo akasogea. Alal akaichukua simu ya ofisi na kuipigia ya kwake mwenyewe. Kwenye kioo chake ikatokea namba ngeni. Na namba ngeni Kampala kila mtu anajua inavyovuliwa kofia: unaanza kuitumia pesa kidogo, na kabla hujaweka namba yako ya siri, simu inakuuliza kama kweli unataka kumtumia fulani bin fulani. Ukishaona jina unafuta, hujapoteza senti. Alal alifanya hivyo, huku mzee Opoka akinyoosha shingo begani kwake.

Jina lilitokea. *Juliet Atoo*.

Halafu mzee Opoka akamgeukia msimamizi wake, mtu aliyemwamini kuliko watoto wake, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta mchwa kwenye nguzo ya nyumba. Alisema polisi watarudi basi, wamchukue na huyu. Erinayo hakuweza kujizuia. Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye ile kompyuta mpya.

Alal akawanyamazisha. Mtu anayeiba laini na kuweka yake mwenyewe yenye jina lake ni mjinga, na Juliet hakuwa mjinga. Akamsukumia simu.

"Hii namba ni ya nani?"

Juliet aliitazama. Alisema kwanza kwamba ni kosa, anajua ni kosa, lakini hapa mjini linafanyika. Watu wanatoka Kenya na Kongo, karatasi zao hazijakamilika, wanataka laini leo leo wapate kuongea na nyumbani. Mwenye kitambulisho cha Uganda anawasajilia kwa jina lake. Yeye amewasajilia wengi. Akaiandika ile namba kwenye simu yake, na simu yake ikaitambua, kwa sababu aliwahi kuihifadhi.

*Mke wa Cleopas*.

"Nilimsajilia alipofika mwaka jana," Juliet alisema. "Baadaye nikampigia kumsalimia, hapatikani. Tukikutana ananipita. Sikujua nilimkosea nini."

Alal alijua. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakiona kisa chote, na akajichukia kwa kuchelewa. Cleopas anamtumia mkewe pesa ya sokoni, na simu inamuuliza: unataka kumtumia Juliet Atoo? Anajibu ndiyo. Mama yake Loice anatuma kidogo kutoka kwao, halafu anapiga kuuliza: huyu Juliet ni nani anayepokea vitu vya mwanangu? Kila senti iliyoingia kwenye nyumba ile ya Kyambogo iliingia kwa jina la mwanamke mwingine. Loice akaitupa laini hiyo ndani ya droo, akanunua nyingine. Halafu bakuli likaanza kurudi limejaa. Halafu Jumamosi moja simu ya ofisi ikaja kulala nyumbani kwake, na kila ikiwaka ni Juliet, Juliet, Juliet.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Alal alikuwa amesaini mkataba nacho.

Alimwambia Juliet akae mbele ya ile kompyuta mpya, ambayo ilinunuliwa na mfumo mpya tayari na haikujifunga, asiondoke. Kifungo cha akaunti kilikuwa kimeshaisha tangu jana. Akipigiwa, aombe namba ya siri, mara moja tu, asirudie. Na kwa mzee Opoka alisema asipige simu polisi wala popote mpaka amsikie yeye.

Alipofika kituoni gari la kwenda mahakamani lilikuwa limeshageuzwa, pua yake ikitazama barabara. Loice alikuwa pale pale kwenye benchi. Alal aliketi karibu naye, karibu sana, mpaka kikapu kikawagusa wote wawili.

"Laini iko wapi, Loice?"

Loice hakuuliza laini gani. Alitazama gari, akatazama mlango wa kaunta, kisha akainua kona ya kitambaa cha chakula, akatoa simu yake iliyokuwa imelala kando ya sufuria. Ilikuwa simu ya laini mbili. Ya pili, ile ya ofisi, alikuwa ameizimia mlio.

Aliongea kwa sauti ndogo, na Alal hakumkatiza. Jumamosi jioni Cleopas alikuwa bafuni. Simu ya ofisi ikawaka mezani, Juliet anauliza: *Namba imekuja? Nitumie basi*. Na chini yake, *Asante dear*. Loice alitaka kitu kimoja tu, Juliet apige akidhani anampigia Cleopas, apokee yeye. Asikie ataongea nini na kwa sauti gani. Akaichomoa ile laini, akaweka ya zamani mahali pake ili simu isionekane tupu. Hiyo ya zamani alikuwa amechoka nayo, alisema, acha ikae na mwenye jina. Lakini Juliet hakupiga. Walipiga wasichana wa chuo: Cleopas yupo? Kitabu changu kimeisha? Mwambie ni yule wa jana. Akaizima mlio, roho inamuuma. Jumatatu zikaja namba tupu, moja baada ya nyingine, hazina hata salamu. Mchana akaambiwa mumewe amekamatwa.

"Ulielewa lini?"

"Jana asubuhi. Nilipomletea chakula akaniambia inatafutwa namba."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje? Kwamba nimeiba laini ya watu kwa sababu ya bakuli la chakula?"

"Sasa kwa nini ulinilipa mimi?"

"Nilitaka utafute njia nyingine," Loice alisema.

Alal amehoji wezi na wauaji, lakini jibu hilo lilimkaa vibaya kifuani. Alimwambia kwamba njia nyingine haipo. Kwamba Juliet anamngoja mtu asome namba, na namba ikishatumwa haiishi muda mrefu kabla ya kuoza. Loice akatikisa kichwa polepole.

"Nikiisoma atajua ni mimi niliyemfunga."

"Usipoisoma atafungwa kweli. Mficha uchi hazai, Loice."

Mlango wa kaunta ukafunguka. Askari akatoka na Cleopas, pingu mikononi, na nyuma yao Ojera na faili lake. Cleopas alimwona mkewe, akajaribu kutabasamu. Loice akasimama na kikapu kikaanguka benchini bila kumwagika. Akamwambia Alal apige.

Alal alimpigia Juliet, akaweka sauti ya nje, akamwambia Ojera asubiri kidogo, kama bado anakumbuka nani alimfundisha kazi. Ojera alikunja uso lakini akasimama. Juliet akasema ameomba. Simu ya Loice ikatetemeka mkononi mwake.

"Soma," alisema Alal.

"Nane," Loice akasoma. "Moja. Moja. Nne. Sifuri."

Akanyamaza.

Kwenye simu walisikia vidole vya Juliet vikigonga, kisha vikingoja. Cleopas alikuwa akimtazama mkewe, mdomo umeachama, na Alal aliona kwamba ameshaelewa ni wapi namba zilikuwa zikienda siku zote hizi.

"Juliet," alisema Loice.

"Ndiyo, dada."

"Jumamosi mume wangu alikuwa anakula chakula cha nani?"

Askari akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Muda ulikuwa unakwenda. Tarakimu ya sita ilikuwa pale kwenye kioo, Alal aliiona kwa macho yake, angeweza kuitaja na kumaliza kazi. Hakuitaja. Alihisi hiyo moja ilikuwa ya Loice peke yake.

"Changu," Juliet alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua watu wanamsikiliza pande zote mbili. "Malakwang, ile mboga chachu ya karanga, na viazi vitamu. Alionja siku ya kwanza, halafu akawa ananiomba. Nikawa nabeba mabakuli mawili. Nimempikia mumeo, dada. Sijamchukua."

Loice alimgeukia Cleopas. "Ni kweli?"

Cleopas alitazama pingu zake. "Ni kweli. Niliogopa kukwambia kwamba ni tamu."

Loice alimtazama kwa muda ambao Alal aliuona mrefu kuliko kesi zote alizowahi kuzisimamia, na uso wake haukulegea hata kidogo.

"Saba," alisema kwenye simu.

Vidole viligonga mara moja. Kisha Juliet akasema akaunti imefunguka, funguo zote zimo, na Cleopas akamwelekeza palepale, mikono yake ikichora hewani ndani ya pingu, aguse wapi na asome kutoka wapi. Haikuchukua muda, sauti ya mzee Opoka ikasikika ikimshukuru Mungu kwa Kiacholi, na nyuma yake wanafunzi wakapiga kelele kama waliofunga bao. Mzee mwenyewe akachukua simu, akaomba aongee na ofisa. Alisema anaondoa malalamiko yake yote, na kama kuna karatasi ya kusaini anakuja sasa hivi kwa miguu.

Ojera aliuliza laini ilikuwa wapi. Alal akasema ilichanganyika na nyingine nyumbani, mambo ya nyumba, na kwamba shahidi asitiwe maneno mdomoni. Ojera alielewa, akafunga faili, akaenda chumba cha pili kutafuta ufunguo wa pingu ambao kila mtu alidhani uko kwa mwenzake.

Alal aliingia ofisini na kukikalia kile kiti. Kilikuwa kigumu, kinayumba kushoto, na chuma kilichotokeza kwenye mpasuko kilimchoma pajani. Alijizungusha mara moja hata hivyo, ili lisije likambakia rohoni, kisha akanyanyuka kabla Ojera hajarudi.

Nje, Cleopas alikuwa amefunguliwa. Walisimama yeye na mkewe bila kushikana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Loice," alisema Cleopas. "Nina njaa."

"Najua."

Loice akachomoa laini ya ofisi kutoka kwenye simu yake, akampa Alal. Cleopas alinyoosha mkono, akasema aipeleke yeye, kazi yenyewe haijaisha, na Juliet hatajua kuirudisha ile ya zamani.

"Madam ataipeleka," Loice alisema. "Wewe kaa hapa."

Akakaa. Loice akafunua kikapu, akatoa sufuria ya ugali uliokwisha kupoa na bakuli la mrenda, akaviweka juu ya benchi mbele yake. Alal alipofika barabarani na laini ile mfukoni, akageuka. Cleopas alikuwa ameinamia bakuli, anatafuna. Loice alikuwa amekaa mbele yake, mikono magotini, akitazama kila tonge mpaka lishuke kooni.